Karatasi kwenye Mlango wa Friji

Greta Kowalik alijua kuna jambo mara tu alipofungua mlango wa jikoni na kumkuta baba yake amesimama bega kwa bega na Wendell, wanamenya viazi.

Alikuwa na Wendell Oakes mwaka wa pili sasa, na kwa muda huo wote baba yake hakuwahi kumpa kijana huyo hata kisu cha kupaka siagi. Leo wamegawana ndoo ya maganda. Wendell alikuwa amekunja mikono ya shati lake la kanisani, na masikio yake yalikuwa mekundu, kama yanavyokuwa akificha kitu. Alimtazama Greta mara moja, haraka, kisha akarudi kwenye kiazi chake.

"Mmepatana lini nyinyi?" Greta akauliza.

"Kumenya viazi hakuhitaji mapatano," baba akasema bila kugeuka. "Kaa. Umelala masaa mangapi?"

"Nimelala masaa manne, baba."

"Malkia wa ovataimu huyo," mzee akamwambia Wendell, kwa sauti ya mtu anayemsifia farasi wake.

Greta akafumba macho. Juma lile gazeti la mji wao, Marlow Creek, lilikuwa limetoa orodha yake ya kila Machi: kila anayelipwa na umma, jina lake, kazi yake na alichopokea mwaka mzima. Katika kurasa zile Greta, askari wa gereza la jimbo, alionekana amepata dola elfu themanini na tatu. Alikuwa amempita hata naibu mkuu wa gereza. Tangu Jumatano hakuwa na amani. Mwuza nyama alimwita bosi. Mama wa dukani alimwuliza atanunua jumba wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza alizipata kwa masaa mangapi ya ziada.

"Usiniite hivyo," akasema.

"Kwani uongo? Gazeti limeandika."

Hapo ndipo alipoiona karatasi.

Ilikuwa imebandikwa kwa sumaku mbili kwenye mlango wa friji, na imeandikwa kwa zile herufi kubwa zilizosimama wima ambazo baba yake alikuwa akiandikia ripoti za ajali. Stan Kowalik alikuwa sajini wa polisi wa barabara kuu kwa miaka ishirini na minane, na mpaka leo hata vitu vya kununua sokoni aliviandika kama ushahidi. Greta akasogea, akasoma.

POLISI WA MJI, 58,000. MSAIDIZI WA SHERIFU, 52,000. POLISI WA BARABARA KUU, 74,000. MPELELEZI WA OFISI YA MASHTAKA, 63,000. ASKARI WA GEREZA LA JIMBO, 49,000 BILA OVATAIMU. AFISA WA PROBESHENI, 43,000. KARANI WA MAHAKAMA, 38,000.

Chini kabisa, ndani ya duara jekundu: ASKARI WA GEREZA LA SERIKALI KUU, 61,000 KUANZIA. PENSHENI BAADA YA MIAKA 20.

Wendell ndiye aliyekuwa afisa wa probesheni. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia watu waliohukumiwa wakaachwa waishi majumbani mwao: kuwatembelea, kuwatafutia kazi, kuwapima kama hawajarudia pombe, kuwasemea mbele ya hakimu. Kwenye karatasi ya Stan alikuwa amemzidi karani peke yake.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni hesabu."

"Ya nini?"

"Ya maisha. Mtu akitaka kuoa askari, ajue anasimama wapi." Mzee akafuta mikono kwa taulo na kuanza kupakua. Kulikuwa na zile kabichi zilizofungiwa nyama na wali alizoachiwa maelekezo yake na marehemu mkewe, ambazo kila Jumapili alizitia chumvi kupita kiasi na kila Jumapili waliokula walisema ni tamu. "Kaeni mle."

Wakakaa. Wendell akamvutia Greta kiti cha karibu na hita, kwa sababu alijua miguu yake huwa inauma akitoka zamu mbili mfululizo. Greta aliliona hilo, na akazidi kukasirika, kwa maana ni vigumu kumkasirikia vizuri mtu anayekuvutia kiti.

"Hili duara jekundu ni la nani?" akauliza.

Baba akatafuna. Wendell akaweka uma chini.

"Ni langu," akasema. "Nilitaka kukwambia leo. Baada ya chakula."

"Kuniambia nini?"

"Niliomba kazi Oktoba. Gereza la serikali kuu, kule Virginia Magharibi. Wamenikubali. Wananitaka kesho saa sita mchana nitie sahihi na kuapishwa."

"Kesho?"

"Lazima iwe kesho. Jumanne natimiza thelathini na saba."

Hapo hakuhitaji kueleza zaidi. Katika nyumba ile kila mtu aliijua sheria hiyo kama anavyoijua tarehe ya Krismasi: ukifikisha miaka thelathini na saba kabla hujaapishwa, serikali kuu haikuchukui tena kuwa askari wake, hata uwe na nguvu za fahali. Mlango ukifungwa umefungwa.

"Oktoba," Greta akasema polepole. "Sasa ni Machi. Na baba yangu amejua lini?"

"Januari," baba akasema. "Alikuja kuniuliza ushauri, kiume. Nikamwandikia hesabu. Kumpita huyu mezani hapa kwa heshima, ukiacha ovataimu yake, kunahitaji elfu sitini."

"Nani kasema anahitaji kunipita?"

"Hakuna anayesema. Inajulikana."

"Mungu wangu." Greta akasukuma sahani. "Basi oaneni nyinyi wawili. Mmepeana siri, mmemenyeana viazi, mmepigiana hesabu. Mimi nitakuja harusini na zawadi ya sufuria."

"Greta..." Wendell akaanza.

"Usiniite Greta kwa sauti hiyo. Hiyo ni sauti yako ya kuongea na walevi."

"Siyo ya walevi. Ni ya mtu anayeogopa."

"Basi uogope vizuri! Masaa matatu kwa gari kutoka hapa, Wendell. Mimi ungenifanyaje? Ungenituma kwa posta?"

"Nilidhani ungekuja. Kule pia kuna magereza."

Greta akageuza kiti akamkabili. Kwa miaka tisa alikuwa akipanda ngazi moja tu, ngazi ya miaka ya kazi, kwa sababu gerezani kwao kila kitu kizuri hugawiwa kwa miaka: zamu ya mchana, likizo ya Agosti, siku za kupumzika. Aliyeingia jana hupewa usiku na kubakizwa wa kwanza watu wanapopungua. Alikuwa ameanza kwa kupumzika Jumanne na Jumatano, siku ambazo watu wote wako kazini. Januari hii, baada ya miaka tisa, jina lake lilikuwa limefika juu kiasi cha kuomba Jumapili na Jumatatu, akazipata. Jumapili kumi tu zilikuwa zimepita.

Alikuwa karibu kuyasema hayo yote simu ya ukutani ilipolia.

Na hapa sharti tuseme habari ya simu ile. Namba ya simu yake ya mkononi Greta hakuwahi kuwapa kazini. Aliwapa namba ya nyumbani kwa baba yake, kwa kuwa aliishi orofa ndogo juu ya gereji ya nyumba hiyo, akijua kwamba siku yako ya mapumziko wanaweza kupiga, lakini hawawezi kukulazimisha kwenda kama hawajakupata. Askari wote wanajua hivyo. Siku ya mapumziko, simu haipokelewi. Na kwa sababu Stan Kowalik hajawahi katika maisha yake kuiacha simu ilie mara ya tatu, kila Jumapili Greta akiingia jikoni hufanya jambo moja kabla ya kuvua koti: huchomoa waya wa simu nyuma ya sanduku la mkate.

Leo alikuta viazi, akakuta karatasi, akasahau.

"Baba, usi..."

"Kowalik hapa," mzee alikwishasema, mgongo umenyooka. "Ndiyo, Luteni. Ndiyo. Yupo, yupo hapa mbele yangu, anakula."

Wendell akaweka kiganja usoni.

Mzee akageuka na simu mkononi, na taratibu, kama mtu anayeona kioo kikianguka kutoka mezani, akaelewa alichofanya.

"Wanakutaka zamu ya saa nane," akasema. "Wamepungukiwa watu wanne."

Greta akatazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

"Niambie baba," akasema kwa upole ulioogopesha kuliko kelele, "zamu ya saa nane ikiisha saa nne usiku, na bado wamepungukiwa, nani atabakizwa mpaka asubuhi?"

"Greta, sikufikiri..."

"Na huyu anaondoka kesho saa tatu asubuhi. Kwa hiyo ulichonipa kuzungumza naye ni dakika arobaini. Andika hiyo pia kwenye karatasi."

Akapanda juu kuvaa sare.

* * *

Gari la Greta lilikuwa limezibwa na la Wendell njiani, kwa hiyo Wendell akasema, "Nitakupeleka," naye akaingia bila kujibu. Kiti cha nyuma kilikuwa na lile sanduku lake la siku zote: soksi mpya, glavu, tiketi za basi. Ni vitu alivyowanunulia watu wake kutoka mfukoni, kwa sababu mtu asipofika mahakamani kwa kukosa nauli hakimu haulizi nauli. Baba yake Greta alikuwa akiliita duka la wezi.

Walipita kiwanda cha maziwa, wakapita kanisa. Theluji ya zamani ilikuwa imerundikana pembeni mwa barabara, imekuwa nyeusi.

"Sema kitu," Wendell akasema.

"Nikisema nitapiga kelele."

"Piga."

"Miezi mitano, Wendell! Miezi mitano ulilala ukaamka na jambo hili, ukanibusu, ukaniuliza nataka supu gani, na hukusema. Kwa baba yangu ukaenda. Kwa mtu anayekuita mlezi wa wezi!"

"Kwa sababu yeye aliniuliza swali."

"Swali gani?"

Taa ya barabarani ikawa kijani, Wendell akaondoa gari. "Septemba, siku moja ulipokuwa unaosha vyombo. Aliniuliza, utamtunza binti yangu kwa pesa gani? Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, kama anayeuliza saa. Na mimi sikuwa na namba ya kumjibu." Akacheka kidogo bila furaha. "Unajua Ijumaa nilifanya nini? Mtu wangu mmoja, yule Purcell, amepata kazi pale kiwandani. Nilimtafutia mimi mwenyewe. Ananizidi dola mbili kwa saa. Nikampongeza, nikampiga begani, halafu nikaenda kukaa garini nusu saa nzima."

Greta aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza tangu watoke. Uso wake ulikuwa umechoka, na chini ya sikio palikuwa na alama ndogo aliyojikata akinyoa. Alitamani kuigusa. Akazuia mkono wake, akaufungia chini ya mkanda wa sare.

"Sasa nisikilize hesabu yangu," akasema. "Elfu themanini na tatu. Unajua nini kimo humo? Mimi nalipwa arobaini na tisa. Zilizobaki ni nyakati nilizokuwa nimevaa koti, nimeshika begi, niko mlangoni natoka, wakasema Kowalik rudi. Ni siku ya kuzaliwa ya shangazi yangu. Ni ule usiku wa tiketi zetu za muziki, ukaenda peke yako ukaniletea fulana. Gazeti halikuandika mshahara wangu, Wendell. Liliandika usingizi wangu. Na wewe na baba mmebandika karatasi kwenye friji, mkasema, tumpite huyu."

"Sikulifikiria hivyo."

"Hukufikiria. Sasa fikiria kule. Wewe askari mpya, chini ya orodha. Mimi nikikufuata, askari mpya, chini ya orodha. Wewe usiku, mimi jioni. Wewe Jumanne, mimi Alhamisi. Tutakuwa na elfu mia na ishirini na tutasalimiana kwenye ngazi. Nimengoja miaka tisa kuipata Jumapili. Unajua ni kwa nini niliiomba Jumapili?"

Wendell akapunguza mwendo.

"Kwa sababu mahakama yako haifanyi kazi Jumapili."

Walikuwa wamefika. Uzio mrefu ulianza upande wa kulia, na mnara, na bendera imejikunja kwa baridi. Wendell akaegesha, akaacha injini iungurume. Zilibaki dakika tisa.

"Na jambo jingine," Greta akasema. "Majira haya ya baridi. Nani alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari langu kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri?"

Masikio ya Wendell yakawa mekundu.

"Nilidhani unadhani ni baba yako."

"Baba yangu hajui hata kile kikwanguo kinakaa wapi. Niliona nyayo. Kila asubuhi nyayo zinakuja kutoka barabarani na kurudi barabarani. Unakaa upande wa pili wa mji, Wendell. Uliamka saa ngapi?"

"Mapema."

"Ungeandika hilo upande gani wa karatasi?"

Wendell akaushika mkono wake, na safari hii Greta hakuuzuia. Wakakaa hivyo, vioo vikiingia ukungu.

"Unataka nisiende," Wendell akasema.

"Hapana. Usinibebeshe hilo. Ukiitaka kazi ile, iendee, nitakufungashia mkate. Lakini usiende kwa ajili yangu, maana mimi sikuomba. Na ukienda kwa ajili ya karatasi ya baba, mimi sitakuja." Akafungua mlango, baridi ikaingia. "Sasa naingia mahali ambapo simu haziruhusiwi. Sitaweza kukuuliza umeamua nini, na wewe hutaweza kuniambia. Nitajua nikitoka."

"Greta."

"Nini?"

Wendell akainama nyuma, akatoa sandukuni jozi moja ya soksi za sufu, akampa.

"Miguu yako," akasema.

Alizichukua. Aliingia getini akiwa amezikumbatia, na askari wa zamu akamwuliza, "Kowalik, unalia?"

"Upepo," Greta akasema. "Fungua mlango."

* * *

Saa nne, kama alivyojua, hawakumwachia. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amevaa soksi za sufu ndani ya buti, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuangaza macho kwenye maegesho kutafuta gari dogo la kijani la Wendell.

Halikuwepo.

Kilichokuwepo ni pikapu ya zamani ya baba yake, taa zimewashwa, na baba mwenyewe amekaa upande wa abiria na kofia yake ya manyoya. Greta alisimama pale kwenye baridi. Basi ameondoka. Amemtuma mzee aje kumchukua. Hata hivyo ni wema, akajiambia, kwa maana baba haoni vizuri kukiwa bado giza.

Kisha wazo hilo likamrudia. Baba haoni vizuri kukiwa bado giza. Na amekaa upande wa abiria.

Mlango wa dereva ukafunguliwa, akashuka Wendell. Alikuwa amevaa koti lake la mahakamani, lile la kahawia lenye kiraka kiwikoni, na tai imepinda.

"Alinipigia saa kumi na moja kasorobo," akasema. "Hakusema habari za asubuhi. Alisema, macho yangu ni mabovu, njoo unipeleke nikamchukue binti yangu."

Greta alilitazama koti lake, akatazama nyuma ya pikapu. Hakukuwa na begi.

"Una kesi leo?" akauliza. Hakuthubutu kuuliza lile jingine.

"Saa tatu. Purcell. Hakimu anataka kusikia kuhusu kiwanda." Akaisogeza tai, ikazidi kupinda. "Nimewaachia ujumbe kule. Nimewashukuru."

"Wendell, nilikwambia usifanye kwa ajili yangu."

"Siyo kwa ajili yako tu." "Jana nilikaa nikapiga ile hesabu yako. Miaka tisa mpaka nipate Jumapili. Ningekuwa na arobaini na sita. Halafu nikajiuliza kama naitaka hata hiyo kazi, na nikaona, mimi naipenda kazi yangu, Greta. Ndiyo hivyo. Nilikuwa naona aibu kulisema hilo mbele ya baba yako. Elfu arobaini na tatu na ninaipenda."

Alikuwa amesema kwa sauti kubwa, na kioo cha pikapu kilikuwa kimeshushwa.

"Nimesikia," sauti ya Stan ikatoka ndani. "Ingieni, hita inakula petroli."

Greta alicheka, na kucheka kule kukageuka kuwa kitu kingine, akaficha uso kwenye koti la kahawia. Wendell alimshika kichwa kwa mikono miwili, kofia na yote. Askari waliokuwa wakitoka zamu wakapita wakipiga miluzi, naye hakujali.

"Bado nimekukasirikia," akasema, uso bado umo kwenye koti.

"Najua."

"Miezi mitano."

"Najua."

"Nitakasirika mpaka Pasaka."

"Nitakuwepo," Wendell akasema.

* * *

Jikoni, karatasi ilikuwa bado ipo kwenye friji.

"Bado ipo," Greta akasema.

"Ipo," baba akasema. "Hesabu zake ni sahihi." Akawasha jiko, akawapashia kabichi za jana, maana alijua kwa muda wa zamu mbili binti yake hali chochote zaidi ya vitafunio vya mashine. Alimwekea Greta tatu. Akamwekea Wendell nne, akamsogezea na mtindi. Hakusema neno juu ya hizo nne, lakini Greta alizihesabu.

"Ni tamu, mzee," Wendell akasema.

"Zina chumvi nyingi," Stan akasema. "Kila wiki zina chumvi nyingi. Mnadhani sina ulimi?"

Walikuwa wakila hivyo, magoti ya Greta yakigusana na ya Wendell chini ya meza, simu ya ukutani ilipolia.

Wote watatu waliacha kutafuna. Ilikuwa saa moja na nusu, Jumatatu, siku yake ya pili ya mapumziko. Namba ile hupigwa na watu wa aina mbili tu, wauza bima na gereza, na wauza bima hawaamki saa moja na nusu.

Stan ndiye aliyekaa karibu nayo. Ilikuwa juu ya bega lake la kulia. Ililia mara ya pili, na Greta akauona mkono wa baba yake ukiinuka wenyewe kutoka mezani, mkono uliopokea simu miaka ishirini na minane, simu za ajali, simu za theluji, simu ya hospitali. Ulifika hewani, karibu na sikio. Ukakaa hapo.

Ikalia mara ya tatu.

"Baba," Greta akasema taratibu.

"Kula," mzee akasema.

Mkono ukashuka. Ukachukua kichupa cha pilipili, ukakigeuza, ukakirudisha mahali pake. Ikalia ya nne, ya tano, ya sita. Jasho jembamba lilikuwa limetokea juu ya mdomo wa Stan Kowalik. Wendell alitazama sahani yake kwa heshima, kama mtu anavyotazama pembeni mwenzake anapovuliwa bandeji. Midomo ya mzee ilikuwa ikicheza kidogo, na Greta akatambua kwamba anahesabu.

Kisha ikanyamaza. Friji ikasikika ikinguruma.

Stan akavuta pumzi, akachukua uma wake.

"Kumi na nne," akasema. "Hawa watu hawana adabu kabisa." Akamwelekeza Wendell ule uma. "Na wewe, Jumapili uje mapema. Viazi havijimenyi."